Zimetoka Kifungu Gani?

(Mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma, mbele ya madiwani, watendaji wa kata na wanafunzi wa vyuo)

Waheshimiwa madiwani, watendaji, wanangu wanafunzi, habari za mchana. Mliowahi kunisikia mnajua ninapoanzia. Naanzia Kagunga, kijiji chetu cha mpakani na Burundi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na nitaendelea kuanzia Kagunga mpaka nijibiwe: dharura ikija katikati ya mwaka wa fedha, fedha zake zinatoka kifungu gani cha bajeti?

Mei 2015. Burundi imechafuka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Watu wanavuka kwa makumi elfu na kujazana katika kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini Kigoma, wanapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wanapandishwa mabasi kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalibeba mzigo mkubwa, na tunayashukuru.

Sasa tazameni kalenda. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, kwa hiyo Mei ni mwezi wa kumi na moja. Bajeti iliyokuwa ikitumika ilipitishwa mwaka mmoja nyuma, na aliyeiandika hakuwa na Kagunga kichwani. Mwezi huo OC, yaani fedha za matumizi mengineyo ya kila siku, imebaki kiduchu na mweka hazina anahangaika kufunga vitabu. Halafu anatakiwa mganga leo, mafuta ya boti leo, klorini leo. Mwenye kuidhinisha asaini kifungu gani?

Msiseme yale yalikuwa ya mara moja. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma karibu na Mei. Makalavati hung'oka Machi na Aprili, baada ya mvua za miezi. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, watu wa ufukweni walihama nyumba zao. Maji yanatukuta robo ya tatu na ya nne, fungu likiwa limeshaliwa, na mpango wa matumizi bado tunauandika kana kwamba Aprili ni mwezi wa kiangazi!

Najua kuna kijana wa sheria hapa anataka kuniambia Katiba imeliona hilo. Imeliona, ndiyo. Ibara ya 140 inazungumzia Mfuko wa Matumizi ya Dharura: Rais, au waziri aliyepewa jukumu hilo, akiridhika kuwa kuna haja ya haraka isiyotarajiwa, anaazima humo, kisha Bunge linaletewa makadirio ya nyongeza ili kilichoazimwa kirudishwe. Ibara ya 137 nayo inaruhusu makadirio ya nyongeza pale fedha zilizoidhinishwa zinapopungua. Na Sheria ya Bajeti ya 2015 imeweka utaratibu wa kuhamisha fedha kutoka eneo moja kwenda jingine. Milango ipo, wala sijaja kudai sheria mpya.

Lakini mlango mwepesi kuliko yote ni uhamisho, kwa sababu hauhitaji shilingi mpya. Na hapo ndipo ninapopiga kelele. Shilingi iliyohamishwa ilikuwa na mwenyewe. Kuna kijiji kiliahidiwa zahanati, wananchi wakachanga mawe na mchanga, wakanyanyua boma mpaka lenta, wakasubiri fedha za kuezeka. Fedha zao zikihamishiwa kwenye daraja lililobomolewa na mvua, daraja likirudishwa tunaitwa kwenye uzinduzi na picha zinapigwa. Lile boma hakuna anayelipiga picha. Mama wa pale akiuliza mtendaji wake fedha zimekwenda wapi, mtendaji hana karatasi ya kumwonesha, kwa hiyo mama anaamini zimeliwa. Hazijaliwa! Zimejenga daraja la watu wengine, na hakuna aliyejisumbua kumwambia.

Tusidanganyane kuwa haiwezekani kumwambia. Kwenye fedha za UVIKO-19 iliwezekana. Ulikuwa mkopo wa IMF wa dola milioni 567.25, ukafanyiwa mpango wa shilingi trilioni 1.3, na yakajengwa madarasa 15,000. Kila mzazi alijua darasa lile limetoka fungu gani. Mwaka 2022 mafuta yalipopanda, Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, tukaambiwa imejibana matumizi. Ruzuku niliiunga mkono na bado naiunga mkono. Nilichotaka ni orodha ya vilivyobanwa, iliyo wazi kama lile tangazo.

Jirani zetu Kenya, Ibara ya 223 ya Katiba yao inaruhusu Serikali kutumia kabla ya kuidhinishwa, ila Bunge liombwe idhini ndani ya miezi miwili, na jumla isizidi asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa mwaka ule. Uingereza, mfuko wao wa dharura una ukomo wa asilimia 2 ya fedha zilizoidhinishwa mwaka uliotangulia. Machi 2020 korona ilipobisha waliupandisha hadi asilimia 50, na waliupandisha kwa sheria ya Bunge. Msiniambie dharura haina muda wa uwazi.

Na si kila upungufu ni dharura. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ushuru wa dagaa ukayumba, lakini tarehe zilijulikana! Jambo lenye tarehe linaandikwa kwenye makisio ya mapato, haliombewi nyongeza.

Nilikuwa na la bima ya maafa na la akiba ya mapato ya ndani. Mwenyekiti ananionesha saa, nayaacha.

Waheshimiwa madiwani, ninyi ndio mnaoletewa taarifa ya uhamisho kwenye kamati ya fedha. Mara nyingi ina safu ya zilikokwenda na kiasi. Dai langu ni safu moja zaidi: zilikotoka, kwa jina la kijiji na jina la mradi, pamoja na mwaka ambao mradi ule utarudishiwa fedha zake. Taarifa isipokuwa na safu hiyo irudisheni kwa mkurugenzi siku hiyohiyo. Na mkishaipata, ibandikeni kwenye mbao za matangazo za vijiji vyote viwili, kile kilichopata na kile kilichokosa.

Karibuni maswali. Tuanze na watendaji wa kata.