Anza na Tundu la Waya: Kuchagua Kamera ya Picha za Bidhaa Studio

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kufika.

Vijana wanaofungua studio ya bidhaa huniuliza kwanza: ninunue kamera ya megapikseli ngapi? Mimi huwaomba waigeuze kamera ubavuni, wafungue kile kifuniko cha mpira, watazame tundu la waya wa USB, ule unaounganisha kamera na kompyuta. Kazi yetu yote inapita hapo.

Miaka michache iliyopita nilipiga chupa 40 za asali kwa mteja mmoja hapa Dar es Salaam. Sikuunganisha kamera na kompyuta. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kila kitu kilionekana safi. Usiku nikafungua picha kwenye laptopu: alama za vidole kwenye vifuniko, lebo zimekaa upande, na mwako wa taa umefuta nusu ya jina la bidhaa. Nilirudia zote kwa gharama yangu. Chupa ya kioo haifichi kitu. Inaonyesha taa, dari, hata shati ulilovaa. Ukipiga kwa waya, picha inatokea kwenye skrini kubwa papo hapo. Mteja amesimama pembeni yako, anasema lebo izunguke kidogo kushoto, nawe unaizungusha chupa ikiwa bado mezani.

Kwa hiyo kabla ya kamera, chagueni programu ya kompyuta itakayopokea picha kutoka kwenye kamera. Canon wanatoa EOS Utility bure, Nikon wana NX Tether, Sony wana Imaging Edge, nazo ni bure pia. Capture One ni ya kulipia, na kwa kazi ya kila siku mimi naona inastahili bei yake. Ila hakuna programu inayokubali kila modeli. Someni orodha ya kamera zinazokubaliwa kabla hamjatoa hata shilingi, hasa mkinunua kamera iliyotumika.

Sasa waya. Kamera za zamani kama Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 zinatumia USB 2.0, ambayo kikomo chake kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde. Nikon D850 ya mwaka 2017 ina USB 3.0, gigabiti 5, zaidi ya mara kumi. Picha ghafi (RAW, ambayo kamera haijaibana) ya megapikseli 45 ni nzito, na kwa waya wa polepole utakaa unasubiri huku mteja anaangalia saa. Lakini USB 3.0 ina sharti lake: waya wa kawaida ukizidi mita 3 hivi, mawasiliano yanaanza kukatika. Ukihitaji urefu zaidi, tafuta waya wenye kikuza mawimbi ndani yake. Na ufunge waya kwenye mguu wa tripodi, ili mtu akiukwaa usilivunje tundu. Tundu likilegea, mwili wa kamera unaweza kuwa mzima kabisa na bado usikufae kwa kazi hii.

Megapikseli? Ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, haifiki megapikseli 9. Kamera ya megapikseli 24 inatosha katalogi na maduka ya mtandaoni. Pesa inayobaki nunueni lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 90 au 100. Wanaopiga pete na hereni ndio ningewashauri watafute kamera inayosogeza fokasi yenyewe hatua kwa hatua, kama D850, kisha picha ziunganishwe kwenye kompyuta. Kubana tundu la mwanga la lenzi hadi f/22 ili pete yote ikae kwenye fokasi kunailainisha picha nzima.

Kuna jambo huwatisha wengi wanaohamia kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless). Unaweka f/11, shata 1/125, flashi ziko tayari, na skrini ni nyeusi tii. Kamera haijaharibika. Inakuonyesha mwanga wa chumba tu, kwa sababu flashi bado haijawaka. Zimeni ule mpangilio unaoifanya skrini iige mwanga wa picha, mtaona bidhaa vizuri.

Umeme nao. Skrini ikikaa wazi siku nzima inamaliza betri haraka, kwa hiyo ulizeni kama modeli hiyo ina betri bandia ya kuchomeka ukutani. Na iwekeni kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. Bila hiyo, umeme ukikatika, laptopu itaendelea na betri yake lakini kamera itazima.

Siku ya kununua, nendeni dukani na laptopu yenu, waya wenu, programu imeshawekwa. Muombeni muuzaji dakika kumi. Pigeni picha 50 mfululizo, na katikati shikeni plagi ya waya pale kwenye kamera muitikise taratibu. Mawasiliano yakikatika hata mara moja, badilisheni waya mjaribu tena. Yakikatika tena, mrudishieni kamera yake.