Miaka ya Kuazima: Kuwapanga Wafalme wa Wahiti

Mabibi na mabwana, karibuni.

Ukifungua kitabu chochote cha historia ya Wahiti, taifa la kale lililokuwa katika Uturuki ya leo, utakuta kila mfalme ana miaka yake kwenye mabano. Wahiti wenyewe hawakuiandika miaka hiyo. Waashuri waliuita kila mwaka kwa jina la ofisa mmoja na kutunza orodha. Wababeli waliupa mwaka jina la tukio. Wamisri walihesabu miaka ya Firauni. Hattusa, mji mkuu wa Wahiti karibu na Boğazkale nchini Uturuki, umetoa vipande vipatavyo 30,000 vya vibao vya udongo tangu machimbo ya 1906, lakini hakuna orodha inayosema mfalme fulani alitawala miaka mingapi. Kila tarehe imeazimwa kwa jirani. Swali la kuuliza ni: jirani yupi, na yeye mwenyewe aliipata wapi?

(Wanaomkumbuka Uria Mhiti wa kwenye Biblia wamweke pembeni kwanza. Enzi ya Daudi, Hattusa ilikuwa imekwisha kuanguka.)

Tunacho mpangilio wa majina, tena si kamili. Nguzo yake ni amri ya mfalme Telipinu, ambayo kabla ya kutoa sheria inasimulia aibu za ukoo. Mursili wa Kwanza aliuawa na Hantili, mume wa dada yake, kwa kushirikiana na Zidanta. Zidanta naye akamuua mwana wa Hantili, kisha akauawa na mwanawe wa kumzaa, Ammuna. Ndipo Telipinu anaweka utaratibu: arithi mwana wa kiume wa daraja la kwanza, yaani wa mke mkuu; asipokuwepo, wa daraja la pili, yaani wa mke wa chini yake; asipokuwepo huyo pia, binti wa daraja la kwanza atafutiwe mume, na mume huyo awe mfalme. Ifahamike kwamba Telipinu mwenyewe aliingia kupitia mkewe, Istapariya, dada wa mfalme Huzziya, ambaye Telipinu alimpindua. Kwa hiyo amri ile isomwe kama utetezi wa mshindi, si kama kumbukumbu isiyo na upande.

Hapa ndipo kosa la kwanza la hesabu hutokea. Mtu huchukua idadi ya wafalme, akazidisha kwa miaka 25, akapata kipindi kirefu mno. Hantili ni shemeji wa Mursili, basi ni kizazi kimoja. Telipinu na Huzziya, kizazi kimoja. Hesabu vizazi, usihesabu viti. Na orodha za sadaka kwa wafu wa nyumba ya kifalme zisikudanganye: zimechanganya wafalme na wana wa mfalme ambao hawakutawala. Mfalme Tahurwaili, kwa upande mwingine, tunamjua kwa muhuri wake na maandishi machache tu, orodha hizo hazimtaji.

Sasa tuje kwenye mwaka wenyewe. Mursili wa Kwanza aliteka Babeli na kuukomesha utawala wa mfalme wake, Samsuditana. Kabla ya Samsuditana alitawala Ammisaduqa, ambaye enzi yake ina kibao cha kuonekana na kutoweka kwa sayari ya Zuhura. Tatizo ni kwamba mwendo wa Zuhura hujirudia karibu sawasawa na kalenda ya mwezi baada ya miaka 56 au 64. Hivyo mwaka wa kwanza wa Ammisaduqa unaweza kuwa 1702, 1646 au 1582 KK. Toa 51, yaani miaka ya kutoka hapo hadi mwisho wa Samsuditana, unapata Babeli kuanguka 1651, 1595 au 1531. Wapo wanaoshuka hadi 1499. Ile 1595 ya vitabuni ni chaguo la katikati. Pete za miti ya majengo ya kale ya Kültepe na Acemhöyük nchini Uturuki zimeitupa nje ile ya juu, 1651, na kuipa nguvu 1595 au tarehe iliyo chini yake kwa miaka minane. Kwangu mimi hoja hiyo inatosha kuitumia 1595, mradi msomaji aambiwe ni mfumo upi.

Karne ya 13 ina nafuu, kwa sababu kuna Misri. Vita vya Kadesh, kati ya Wamisri na Wahiti wa mfalme Muwatalli, vilipiganwa mwaka wa 5 wa Firauni Ramesses wa Pili, na mkataba na Hattusili wa Tatu ulifungwa mwaka wa 21. Ukikubali kwamba Ramesses alitawazwa 1279, unapata 1274 na 1259. Kati yake kuna miaka 15. Hattusili, ndugu wa Muwatalli, anasema alimvumilia mpwa wake Urhi-Teshub, mwana na mrithi wa Muwatalli, miaka saba kabla ya kumpindua. Toa saba, inabaki minane: igawe kati ya miaka ya mwisho ya Muwatalli na miaka ya mwanzo ya Hattusili. Urhi-Teshub alikuwa mwana wa daraja la pili na wa daraja la kwanza hakuwepo, kwa hiyo kwa amri ya Telipinu haki ilikuwa yake. Ndiyo maana Hattusili anajitetea kwa maneno mengi hivyo.

Kupatwa kwa jua nako kumetumika. Mursili wa Pili anataja ishara ya Jua alipokuwa akienda vitani nchi ya Azzi, safari inayowekwa mwaka wake wa 10. Wengi huchagua 24 Juni 1312, wengine 13 Aprili 1308. Tofauti ni miaka minne tu. Lakini maandishi yanasema ishara, hayasemi jua lilifunikwa.

Mihuri ndiyo shahidi ninayemwamini zaidi kwa mpangilio. Malkia alibaki na cheo hadi kufa, hata mumewe akitangulia. Muhuri wenye malkia Puduhepa na mumewe Hattusili wa Tatu, kisha Puduhepa na mwanawe Tudhaliya wa Nne, unakuonyesha nani alimfuata nani bila kuhitaji mwaka wowote. Tena muhuri wa Kurunta, binamu wa Tudhaliya, akijiita Mfalme Mkuu umepatikana Hattusa kwenyewe, na hadi leo wataalamu wanabishana kama aliwahi kukikalia kiti cha Tudhaliya.

Mwisho wa dola, chini ya Suppiluliuma wa Pili, huandikwa karibu 1180. Tegemeo moja ni hati ya Emar, mji wa Siria uliokuwa chini ya Wahiti, yenye tarehe ya mwaka wa pili wa Meli-Shipak, karibu 1185, muda mfupi kabla Emar nao haujaharibiwa. Meli-Shipak alikuwa mfalme wa Babeli.