Msikate Sebene: Mhadhara kuhusu Rekodi za Laivu na Mikusanyiko ya Nyimbo Bora

Asanteni, kaeni. Waliowahi kunisikia wanajua nitasema nini: nipeni rekodi ya laivu, mkusanyiko wa nyimbo bora kaeni nao. Na mmoja hapo mbele ameshaanza kucheka. Cheka tu, ssebo.

Zamani nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na stendi ya teksi hapa Kampala. Deki mbili, spika moja mbovu, na kopo la kalamu za Bic za kurudishia utepe uliochomoka. Wateja wangu wakubwa walikuwa madereva. Dereva anakuja na kanda tupu ya dakika 90: "Kijana, nijazie zilizotamba tu. Kumi kila upande." Haya, pigeni hesabu. Upande mmoja ni dakika 45. Rumba ya Kongo, enzi za Franco, wimbo mmoja unakwenda dakika nane, kumi, na bado watu wanataka. Kumi haziingii! Nilifanyaje? Mwimbaji anamaliza kulalamikia mapenzi, gitaa la solo linaanza kuitana na mwenzake, ngoma inakaza, kiuno kinataka kuondoka kwenye kiti, na hapo hapo kidole changu kinashuka kwenye kitufe. Ta! Wimbo unaofuata. Hiyo sehemu ya magitaa na kucheza ndiyo sebene, na nimekata sebene mia na ushei kwa mkono huu. Dereva akanilipa, akanisifu, akaniletea wenzake.

Huo ndio mkusanyiko wa nyimbo bora, jamani. Mwenye duka kachagua, mnunuzi kafurahi, bendi haikuulizwa.

Mtaniambia, mzee, hicho kilikuwa kibanda, kampuni kubwa hazifanyi hivyo. Ala! Chukueni "Legend" ya Bob Marley. Ilitoka 1984, mwenyewe alishafariki 1981, na katika reggae hakuna albamu iliyouza kama hiyo. Nyimbo 14. Mtafutieni humo "Zimbabwe", wimbo aliokwenda kuupiga kwenye sherehe za uhuru wa nchi hiyo Aprili 1980. Haumo. "Africa Unite" haumo. "War" haumo. Nimelikagua lile kasha kama mtu anayetafuta chenji yake. Mwafrika anayemjua Marley kwa kasha hilo peke yake, kauziwa kanda yangu ya stendi.

Lakini kinachonichekesha ni hiki. Katika hizo 14, ule ambao hata bodaboda wa Wandegeya anauimba akisubiri abiria, "No Woman, No Cry", si wa studio. Wa studio ulitoka 1974, una mashine ya ngoma inayogonga tik tik kama saa ya ukutani, na haufiki dakika nne. Mnaoujua nyinyi ulirekodiwa ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975. Kinanda kinaingia polepole, na kabla Marley hajafungua mdomo ukumbi mzima umeshashika kiitikio. Dakika saba, na hakuna aliyelalamika kuwa ni mrefu. Niliwahi kuwachezea vijana ule wa studio. Mmoja akaniuliza nani kauharibu.

Mtasema kurekodi laivu ni gharama? James Brown, mwimbaji wa soul wa Marekani, Oktoba 1962 alitaka kurekodi onyesho lake ukumbi wa Apollo, New York. Bosi wa kampuni akagoma: nani atanunua tena nyimbo ambazo watu wanazo? Brown akatoa pesa mfukoni mwake. Santuri ikapanda hadi nafasi ya pili Marekani. Najua, najua, laivu nyingi hurudishwa studio zikapakwa poda. Sibishi. Afadhali hiyo kuliko plebeki tunayouziwa hapa kwa tiketi ya bei ya mbuzi: mwimbaji kashusha maiki anafuta jasho, na sauti yake inaendelea kuimba.

Sasa sisi. Bendi yetu ya Afrigo wanapiga tangu 1975, Moses Matovu na saksafoni yake. Hesabuni wikendi hizo! Kila usiku wimbo ule ule unatoka na sura nyingine, na asubuhi kinachobaki ni maumivu ya miguu. Wanamuziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, nao walitawanyika Lubiri, kasri lake, iliposhambuliwa Mei 1966. Wale waliorekodiwa kabla ya hapo na watu kama Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika aliyepita huku na mashine yake mwanzoni mwa miaka ya 1950, tunawasikia mpaka leo. Wengine basi tena.

Nilikuwa na sehemu ya hakimiliki, kurasa nne, na nyingine ya muziki wa kwenye simu. Naonyeshwa saa. Tuziache.

Ila mwenye kanda yoyote iliyorekodiwa dansini aniletee. Hata kama chupa zinagongana, hata kama MC anamtafuta mwenye gari lililoziba geti. Yenye ukungu usiichezeshe, ilete ilivyo. Nitakuwa pale mlangoni mpaka saa tatu.