Pikipiki Iliyolala Stoo: Usikimbilie Kiki

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuna pikipiki iliyoegeshwa stoo hapa Tanga tangu mwenyewe aende Muscat kutafuta maisha. Miaka mitatu sasa. Mdogo wake anaitaka iwake. Kaka Bakari, tunaanzia wapi?

BAKARI: Niambie kwanza ni aina gani, dada.

ZUHURA: Ya Kichina, injini ya CG.

BAKARI: Basi ana bahati. Injini hiyo Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwafikiria watu wanaobadilisha oili pale tu wanapokumbuka. Haina cheni ya taimingi, valvu zake zinasukumwa na fito. Wachina wakauchukua muundo huo, ndiyo maana spea zake zipo hadi duka la kijijini. Inavumilia sana. Lakini hata hiyo, usianze na kiki.

ZUHURA: Wameshapiga kiki mpaka wamechoka! Sasa wanataka waisukume kwenye mteremko.

BAKARI: Waache, tafadhali. Injini ikilala muda mrefu, oili yote inashuka chini, ukuta wa silinda unabaki mkavu. Na kwa hewa yetu hii ya bahari, kutu inaanzia pale pale ringi za pistoni zilipogusa. Ukiilazimisha, ringi zinakwaruza, na hapo umejitafutia kazi ya kuchonga bloku. Afungue plagi, amimine oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu lake, aiache mpaka kesho. Kisha aweke gia ya juu kabisa, azungushe tairi la nyuma kwa mkono, pole pole. Ikigoma, aongeze oili asubiri tena. Ikizunguka laini, atoe gia, azime swichi, apige kiki plagi ikiwa bado nje. Uso aweke mbali, ile oili itaruka.

ZUHURA: Na petroli? Tangi lina nusu, wanaona hasara kuimwaga.

BAKARI: Itoke yote, na isimwagwe mtaroni. Petroli ina sehemu nyepesi, ndizo zinazoshika moto haraka, na ndizo zinazopotea hewani kwanza. Kinachobaki kinanuka vanishi na kinaganda ndani ya kabureta. Ile jeti ndogo, inayolisha injini ikiwa inanguruma taratibu, tundu lake halifiki nusu milimita. Utandu kidogo tu, imeziba. Ndiyo maana utaona pikipiki inawaka ukivuta choki, ukirudisha inazima.

ZUHURA: Na hapo watu wanakimbilia kununua plagi.

BAKARI: Plagi, halafu koili, halafu CDI, kile kiboksi cha umeme wa kuwasha! Hili linaniuma, Zuhura, maana mara nyingi mwenye pikipiki ni kijana anayetafuta riziki. Pesa inaisha, na ugonjwa bado uko kwenye kitundu ambacho hukioni mpaka uinue jeti kwenye mwanga. Ashushe kabureta, afungue bakuli, atoe jeti zote mbili, asafishe kwa dawa ya kabureta, apulize kwa kompresa. Asichokonoe kwa waya wa chuma. Waya unapanua tundu, na pikipiki itakula mafuta siku zote.

ZUHURA: Tangi lenyewe? Maana ile nusu ya juu ilikuwa tupu.

BAKARI: Huko ndiko kutu iliko. Hewa yenye unyevu inatoa jasho kwenye bati usiku, maji yanazama chini ya petroli kwa kuwa ni mazito. Atoe koki ya petroli, azibe tundu lake, ajaze siki, ailaze siku moja au mbili. Asuuze kwa maji yenye magadi kidogo kuua ule ukali, akaushe hapo hapo. Akichelewa, kutu inarudi.

ZUHURA: Betri?

BAKARI: Hiyo imekufa. Ila nyingi za muundo huu moto wa plagi unatoka kwenye koili za sumaku ya injini, kwa hiyo kiki itaiwasha hata bila betri. Atazame pia sponji ya filta ya hewa, hubomoka ikaingia kwenye kabureta. Na egzosi, nyigu hujenga humo. Kabla ya kuiwasha, amwage oili ya zamani aweke mpya.

ZUHURA: Ikiwaka tu, namjua, atatoka nayo barabarani.

BAKARI: Asitoke! Moshi wa dakika za mwanzo usimtishe, ni ile oili ya kijiko inaungua. Asome tairi kwanza: ubavuni kuna tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa mpira umepasuka nyufa, anunue jingine, hapo sina huruma. Afungue breki zote mbili, asugue shuu kwa msasa. Kisha aende mwendo mfupi na kurudi, injini ikiwa bado ya moto amwage oili.

ZUHURA: Ile mpya aliyoweka?

BAKARI: Hiyo hiyo. Imeshabeba unyevu na uchafu wote wa miaka mitatu. Ni lita moja hivi, asiionee huruma.