Mnavu na Vitunda Vyake

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Kwenye majani ya mnavu sitakaa sana, maana hapa hakuna asiyeyajua. Wakikuyu huuita managu, Wajaluo osuga, Arusha wengi husema mnafu. Unachuma vile vichwa laini, unachemsha, unamwaga maji, unaunga kwa maziwa au karanga. Uchungu ukibaki kidogo, wazee ndio hufurahi.

Mimi nimekuja kwa ajili ya vitunda. Shada hili nimelichuma hapo nyuma ya ukumbi. Vyeusi vimeiva, nikiminya kimoja, tazameni, maji ya zambarau na mbegu bapa tele. Watoto huvila wakiwa machungani, na maji yake yamewahi kutumika kama wino. Upo na mnavu ambao vitunda vyake vikiiva huwa rangi ya chungwa. Huo nao huliwa.

Sasa hivi vya kijani, vya shada hilihili. Humu mna solanini, sumu ileile iliyomo kwenye kiazi kilichopigwa jua kikageuka kijani. Kitunda kikiiva sumu hiyo hupungua sana, lakini moto wa jikoni hauivunji.

Kwenye tiba, majani yaliyopondwa hubandikwa kwenye uvimbe. Sina ugomvi nayo. Supu yake hunywewa kwa maumivu ya tumbo. Wanaoutumia kwa vidonda vya tumbo husema hata maabara imewaunga mkono, na kweli, panya waliopewa dondoo la vitunda walipata nafuu. Ila kipimo cha panya hakikuambii wewe unywe kikombe kingapi.

Ninachokipinga waziwazi ni kule kumkamulia mtoto anayeota meno vitunda vibichi kwenye ufizi. Kenya desturi hiyo ipo. Najua bibi aliyeifanya alitaka mtoto alale, lakini mtoto wa miezi 6 ana kilo ngapi? Na hayo matone nani aliyeyapima? Mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi akitafune.

Mama pale nyuma ameuliza, je, mtoto akishakula vya kijani? Tazama kama anaumwa tumbo, anatapika au anaharisha. Usimlazimishe kutapika. Mkimbize zahanati, na ubebe tawi lenyewe ili daktari aone alichokula.