Maswali Mawili Kando ya Kitanda

Wakubwa zangu shikamooni, wanafunzi, karibuni.

Mgonjwa wa saratani aliyedhoofika hawezi kujazishwa kurasa nzima za maswali. Ndiyo maana Joaquín Limonero na wenzake kule Hispania walitengeneza hojaji fupi mno ya kubaini dhiki ya moyo, iitwayo kwa kifupi DME. Mgonjwa huulizwa moyo wake ukoje leo, kutoka 0, mbaya sana, hadi 10, mzuri sana, kisha huulizwa anavyoimudu hali yake: 0 haimlemei, 10 imemwelemea kabisa. Alama ya kwanza hugeuzwa (hutolewa kwenye 10), ndipo zinajumlishwa. Anaulizwa pia kama kuna linalomsumbua. Halafu mhudumu anaandika alichokiona kwa macho yake.

Sehemu hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote. Wangapi wanatujibu "nzuri tu" huku wameomba mapazia yafungwe na wamekataa wageni?

Tutajuaje, basi, kwamba kinachopimwa ni dhiki ya moyo hasa? Watafiti walilinganisha majibu na HADS, kipimo cha hofu na sonona chenye maswali 14, kilichotungwa na Zigmond na Snaith mwaka 1983. Watungaji wake waliepuka makusudi dalili za mwili, na walifanya vyema sana. Saratani yenyewe, pamoja na dawa zake, huondoa usingizi, nguvu na hamu ya kula. Ukizihesabu hizo, karibu kila aliyelazwa utamwandikia sonona.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Mpaka wa kumhesabu mgonjwa kuwa na dhiki uliwekwa kwenye alama 9 au zaidi kati ya 20. Hapo, uwezo wa kuwabaini wenye dhiki, na vilevile wa kuwatambua wasio nayo, ulizidi asilimia 75.

Tusiipite haraka asilimia hiyo. Chukueni mfano wa wagonjwa 100, ambao 40 kati yao wana dhiki. Kwa asilimia 75 kamili, 30 watabainika na 10 watatuponyoka. Kati ya wale 60 wengine, 15 wataitiwa mwanasaikolojia bila haja. Aliyeitiwa bila haja atapoteza nusu saa ya mazungumzo. Yule aliyetuponyoka atabaki na hofu yake usiku kucha, nasi tumeshaandika kwenye faili kwamba yu salama. Kwa hiyo mgonjwa mwenye alama 8 aliyegeukia ukutani, mimi nitamfuata.

Na mpaka huo wa 9 ulipatikana kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini, wakijibu kwa Kihispania. Anayetaka kuutumia kwa wanaouguzwa nyumbani, au kwa Kiswahili, aanze kupima upya.