Nishati giza sio nguvu za giza

Mbukwenyi jamani! Kaeni kaeni, viti vya nyuma vipo. Kwanza niwaambie, bodaboda aliyenileta kaniuliza mwalimu unaenda kuongelea nini, nikamwambia nishati giza, akanyamaza kimyaaa mpaka tunafika ndo ananiambia mimi nimeokoka. Sasa hapa hakuna tunguli, kuna hii glasi ya mvinyo tu, imevunjika shingo kimebaki kitako, na nani kainywa msiniulize, hii ni Dodoma.

Wewe binti wa mbele, weka kitako juu ya ile nukta niliyochora kwenye karatasi, halafu chungulia. Duara eeh? Sogeza kidogo. Limekatika, vipande viwili vimepinda kama mwezi mchanga. Nukta ni moja tu, kioo ndo kinapindisha mwanga.

Huko juu kazi hiyo inafanywa na kichala cha galaksi, nasema kichala maana nyie watu wa zabibu mnanielewa, mamia mpaka maelfu ya galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zimeshikana kwa mvutano, na sehemu kubwa ya uzito wake ni mata giza ambayo haionekani. Einstein alishasema 1915 kwamba uzito unakunja nafasi, 1919 jua lilipopatwa wakaenda kupima kama mwanga wa nyota unapinda kweli, timu moja ikawa hapa hapa kwetu Afrika, kisiwa cha Principe.

Sasa binti, inua kioo kidogo toka kwenye karatasi. Duara si limetanuka? Kioo kile kile, kilichobadilika ni umbali. Hapo ndo patamu, maana umbali wa angani unategemea ulimwengu umetanuka kwa mwendo gani, na 1998 timu mbili, ya Perlmutter na ile ya Schmidt na Riess, zilikuta supanova, nyota zinazolipuka, za mbali zimefifia kuliko walivyotegemea, maana ziko mbali zaidi, yaani utanukaji unaongeza kasi wakati watu walidhani unapungua. Kinachosukuma kikaitwa nishati giza, asilimia 68 hivi ya vyote vilivyopo, na jina lenyewe kwangu mimi ni kama kumwita mtu "fulani".

2010 mtaalamu wa anga Eric Jullo na wenzake wakachukua kichala cha Abell 1689, nyuma yake kuna galaksi za umbali tofauti tofauti, kila moja imejichora mara kadhaa. Ukilinganisha ya karibu na ya mbali, lenzi ni ile ile moja, kwa hiyo tofauti inakupa habari za umbali. Ila kichala sio kioo cha kiwandani, kina mabonde na vinundu, kukichora ndo ugumu wenyewe.

Walichopata kinaendana na nishati giza isiyopungua makali hata nafasi ikitanuka. Juisi ya ubuyu ukiongeza maji inakuwa chapwa si ndio? Hii unaongeza ndoo baada ya ndoo na ladha iko pale pale! Toka 2024 mradi wa DESI, unaochora ramani ya galaksi, umeleta dalili kwamba labda ladha inabadilika polepole, mimi hela yangu siweki hapo bado.

Haya maswali. Binti, kitako changu nirudishie.